Dawa za mimea za kupaka kwenye kidonda cha mguu wa kisukari: zipi zinafaa, na zipi ziepukwe?

Mtunzaji ameuliza:

Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Mama yangu mzazi ameishi na kisukari cha aina ya pili kwa miaka mingi, na sasa ana kidonda chini ya unyayo, pale kwenye fundo la mfupa nyuma ya kidole gumba. Kilianza kama sugu iliyopasuka katikati, ikatoa majimaji, kisha usaha. Kliniki walikisafisha, wakampa vidonge vya antibiotiki, wakatuelekeza namna ya kukiosha kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa na kubadilisha shashi. Uvimbe umepungua na usaha umekwisha, lakini kidonda chenyewe hakisogei. Kimebaki duara dogo jekundu lililozungukwa na ukingo mweupe mgumu. Hakimuumi hata kidogo, jambo ambalo mwanzoni lilitufariji sote.

Kila anayekuja kumjulia hali anakuja na dawa yake. Tumeshauriwa asali, jeli ya mshubiri, majani ya mwarobaini yaliyopondwa, manjano yaliyokorogwa kwa mafuta, unga wa majani ya mlonge, utomvu wa papai bichi na hata kitunguu saumu kilichosagwa. Mama anaziamini sana dawa za majani, nami sipendi kumvunjia heshima kwa kumwambia tu kwamba hayo yote hayana maana, hasa kwa kuwa nimesoma mtandaoni kwamba baadhi ya mimea hiyo imefanyiwa utafiti na kuonekana inaharakisha kupona kwa vidonda vya kisukari.

Naomba mwenye ujuzi anieleze mambo mawili. Kwanza, je, ipo kati ya dawa hizi iliyothibitishwa kwa wanadamu wenye kisukari? Pili, kama mama ataendelea kutaka kuitumia mojawapo, ni ipi isiyoweza kumdhuru, na ni ipi nisiikubali kabisa ikaribie mguu wake?

Muuguzi wa Vidonda amejibu:

Pole sana kwa kuuguza, ndugu yangu, na mfikishie mama salamu zetu. Nitaanza na yale mawili uliyoyaandika kwa kupita, kwa sababu kwangu ndiyo yenye jibu: kwamba kidonda hakiumi, na kwamba kina ukingo mweupe mgumu.

Kidonda kilicho wazi chini ya unyayo, ambacho mtu anakikanyaga kutwa, kinapaswa kuuma. Kisipouma, maana yake ni kwamba mishipa ya fahamu ya mguu imeharibika kwa sukari iliyokaa juu muda mrefu, na mama hapati tena ile taarifa ambayo wewe na mimi tungeipata mara moja na kuanza kuchechemea. Anakanyaga juu ya kidonda chake kwa uzito wote, hatua baada ya hatua, bila kujua. Ule ukingo mweupe ni sugu inayojijenga upya kwa sababu shinikizo bado lipo, na sugu yenyewe, kwa ugumu wake, inazidi kuibana nyama iliyo chini yake. Ninapoona ukingo wa namna hiyo kwa mgonjwa anayeniambia kwamba amepumzisha mguu, humwuliza kwa upole habari za hatua chache za usiku: kwenda msalani bila kiatu, kusimama kidogo jikoni, kuamka kufungua mlango. Mara nyingi jibu linapatikana hapo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kipakwe nini, uliza kama uzito umeondolewa. Miongozo ya kimataifa ya mguu wa kisukari inaweka mbele kifaa cha kufunga mguu hadi karibu na goti ambacho mgonjwa hawezi kukivua mwenyewe, iwe ni plasta ngumu iliyofinyangwa kufuata umbo la mguu au kiatu kirefu kilichofungwa kisivulike, kwa kidonda cha unyayo cha sehemu ya mbele au ya katikati. Sababu ya kukataza kisivuliwe ni ya kibinadamu tu: mtu asiyesikia maumivu hana kinachomkumbusha kuvaa. Kikikosekana, kuna viatu maalumu vya kuvulika na vipande vya sufi nene vinavyokatwa ili kuacha nafasi pale penye kidonda. Lakini kifaa kisichovulika hakifai kwa kila mtu. Mguu wenye uambukizo mkubwa au wenye damu haba huhitaji mpango mwingine, na mzee anayeyumba anapotembea anaweza kuanguka nacho, kwa hiyo uamuzi huo ni wa kliniki.

Jambo la pili ni damu. Naomba uulize kama kuna aliyemshika mapigo ya mishipa ya miguu, juu ya unyayo na nyuma ya kifundo cha ndani, na kama kimefanyika kipimo cha kulinganisha shinikizo la damu la kifundo cha mguu na la mkono. Uwiano ulio chini ya 0.9 unaashiria kwamba mishipa imeziba kwa kiasi. Kwa wagonjwa wa kisukari kuna mtego: kuta za mishipa huweza kukakamaa kwa chokaa, zikatoa uwiano mkubwa wa uongo, 1.3 na zaidi, huku damu inayofika vidoleni ni haba. Ndiyo maana hupimwa pia shinikizo la kidole gumba. Mguu usiofikiwa na damu hauponyeshwi na krimu yoyote, ya kiwandani wala ya shambani, mpaka mishipa ishughulikiwe.

Tatu ni mfupa. Kidonda kilichokaa muda mrefu juu ya fundo la mfupa kichunguzwe kwa kijiti butu cha chuma kilichotakaswa. Kikigusa kitu kigumu, shaka ya uambukizo wa mfupa inakuwa kubwa, na hapo hupigwa picha ya eksirei na kuchukuliwa vipimo vya damu. Huo ni uambukizo unaoweza kukaa kimya ngozi ikiwa imetulia kwa juu. Nalisema hili pia kwa sababu ya vidonge alivyopewa: antibiotiki hutibu uambukizo, hazifungi kidonda. Kama dalili za uambukizo zimekwisha na mfupa uko salama, hakuna faida ya kuendelea kuzimeza kwa matumaini kwamba zitakisogeza.

Sukari nayo ifuatiliwe, bila shaka, kwa kuwa seli nyeupe za damu hupigana vibaya na bakteria pale sukari ilipo juu.

Sasa nakupa kipimo ambacho kitakusaidia kuamua juu ya dawa yoyote, hata hizi ninazozitumia mimi. Kila wiki, baada ya sugu kuchongwa na mtaalamu, pimeni urefu na upana wa kidonda kwa rula ya karatasi, mzidishe, mwandike. Kidonda ambacho eneo lake halijapungua kwa nusu hivi ndani ya wiki 4 za matunzo mazuri kina uwezekano mdogo wa kufunga karibuni, na hapo inabidi kurudi nyuma na kutafuta kilichosahauliwa: uzito, damu, mfupa. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kubadilisha dawa ya kupaka kila baada ya siku chache huku hayo matatu yakibaki kama yalivyo.

Kuhusu mimea yenyewe, yuko mwenzetu mfamasia hapa ambaye ataeleza vizuri kuliko mimi. Mimi nina katazo moja ambalo siwezi kulichelewesha: mguu usilowekwe wala kukandwa kwa maji ya moto yaliyochemshwa na majani, hata kama wengine wanayaona ni ya uvuguvugu tu. Mguu wenye ganzi hautambui joto. Nimefunga malengelenge ya kuungua kwenye miguu ya watu walioapa kwamba maji hayakuwa moto, na walikuwa wakisema kweli kwa kadiri miguu yao ilivyowaambia.

Mfamasia wa Mimea amejibu:

Ninaunga mkono yote aliyoyaandika dada yetu muuguzi, kisha nijibu swali la kwanza lilivyoulizwa, kwa sababu linastahili jibu la uaminifu na si la kubeza.

Ukisoma kwamba mmea fulani unaharakisha kupona kwa kidonda cha kisukari, angalia kwanza ni kidonda cha nani. Sehemu kubwa ya tafiti hizo imefanywa kwa panya. Panya hupewa kemikali kama streptozotosini au aloksani, ambazo huharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini, kisha hukatwa ngozi ya mgongoni na jeraha lake hupakwa dawa. Panya huyo ni kijana, mishipa yake haijaziba, jeraha lake ni safi na halikanyagwi. Tena ana utando wa msuli chini ya ngozi unaoivuta, kwa hiyo jeraha lake hufungwa zaidi kwa kusinyaa, ilhali kidonda cha unyayo wa binadamu hutegemea zaidi nyama mpya kujaa kutoka chini na ngozi kutambaa kutoka pembeni. Mimea mingi sana imefanya vizuri kwenye mgongo wa panya. Hatuwezi kuruka kutoka hapo moja kwa moja hadi kwenye unyayo wa mama.

Aina ya pili ya ushahidi ni ile ya sahani ya maabara, ambapo maji ya mwarobaini au ya kitunguu saumu huonekana yakiua bakteria. Hilo ni kweli, lakini kwenye kidonda cha muda mrefu bakteria huishi ndani ya utando wanaoutengeneza wenyewe, unaowakinga hata na dawa kali, na kitu chenye nguvu ya kuua bakteria chaweza pia kuua seli changa zinazojenga nyama mpya.

Baada ya kusema hayo, kuna dawa moja ya mimea ya kupaka ambayo imepita jaribio la kitabibu la kweli kwa wagonjwa wa kisukari. Ni krimu iliyopewa jina la utafiti ON101, yenye viini vilivyotolewa katika mimea miwili, *Plectranthus amboinicus* na *Centella asiatica*. Matokeo ya jaribio lake la awamu ya tatu yalichapishwa mwaka 2021. Wagonjwa 236 wenye vidonda vya mguu vya daraja la 1 au 2 katika kipimo cha Wagner, kinachopanga vidonda kwa kina na ukali wake, waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapakwa krimu mara mbili kwa siku na wengine wakafungwa kitambaa cha kisasa kinachofyonza majimaji. Katika wiki 16, vidonda vilifunga kabisa kwa asilimia 60.7 ya waliopakwa krimu, dhidi ya asilimia 35.1 ya kundi la kulinganishia. Taiwan iliidhinisha krimu hiyo mwaka huohuo. Inaelezwa kwamba hufanya kazi kwa kuzigeuza seli za kinga ziitwazo makrofaji, ambazo katika kidonda cha kisukari hukwama katika hali ya kuchochea uvimbe, ziingie katika hali ya kujenga.

Matokeo hayo ni mazuri na nayachukulia kwa uzito. Hata hivyo, aliyetathmini vidonda ndiye aliyefichwa nani yuko kundi gani. Mgonjwa na mhudumu walijua. Waliogharimia ni watengenezaji. Na waliochaguliwa walikuwa na vidonda ambavyo havikuwa na uambukizo wa mfupa. Zaidi ya hayo, krimu ile ina viini vilivyopimwa na kutakaswa, na kila chupa hufanana na nyingine. Anayechuma majani ya mimea hiyohiyo akayaponda na kuyabandika hajatumia ON101. Kiasi cha viini hubadilika kwa udongo, msimu na umri wa jani, na pamoja na viini hivyo huja udongo, ukungu na bakteria.

Kikundi kazi cha kimataifa kinachoandika miongozo ya mguu wa kisukari, kinachojulikana kwa kifupi kama IWGDF, kilipitia ushahidi mwaka 2023 na kupendekeza kwamba vitambaa vyenye viini vya mimea na dawa za mimea visitumike kwa lengo la kuponyesha vidonda hivi, na asali vilevile. Msomaji asielewe kwamba wamesema mimea yote ni sumu. Wamesema kwamba tafiti zilizopo, zikikusanywa, ni ndogo na dhaifu kiasi cha kutoweza kumshauri daktari azitegemee. Kwa kulinganisha, kitambaa chenye kemikali iitwayo sukrosi oktasalfeti wamekipendekeza kwa vidonda vyenye ganzi na upungufu wa damu visivyosogea licha ya matunzo mazuri. Hicho kilijaribiwa kwa wagonjwa 240 bila mgonjwa wala mtabibu kujua nani amepewa kipi, na katika wiki 20 vidonda vilifunga kwa asilimia 48 dhidi ya asilimia 30. Huo ndio uzito wa ushahidi ambao ningependa kuuona siku moja kwa mimea yetu, na naamini baadhi yake inastahili kupimwa hivyo.

Nije kwenye orodha yako.

Asali ndiyo yenye historia ndefu zaidi na yenye maelezo yanayoeleweka. Ni nzito kwa sukari hivyo huvuta maji na kuwanyima bakteria, ina uchachu, na kimeng'enya chake hutengeneza haidrojeni peroksaidi kidogokidogo inapochanganyika na majimaji ya kidonda. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikuta kwamba inaharakisha kupona kwa majeraha ya moto yasiyo ya kina kuliko baadhi ya vitambaa vya kawaida, lakini kwa vidonda vya mguu wa kisukari ushahidi haukutosha kusema lolote. Asali ya jikoni huweza kubeba spora, yaani chembe sugu za bakteria, za wale wanaotengeneza sumu ya botulini. Asali ya kitabibu hutakaswa kwa mionzi ya gama, kwa sababu joto kali lingeharibu kimeng'enya chake.

Jeli ya mshubiri ni laini na hulainisha kidonda kikavu, ila mapitio ya Cochrane ya mwaka 2012 hayakupata majaribio bora ya kuiunga mkono kwa vidonda vya muda mrefu. Anayekata jani mwenyewe hupata pamoja na jeli ule utomvu wa njano ulio chini ya ganda, ambao huwasha ngozi.

Manjano yana kurkumini, inayotuliza uvimbe katika maabara lakini haiyeyuki vizuri kwenye maji na hupenya kwa shida. Kuna kasoro nyingine ambayo haisemwi vya kutosha: hupaka rangi kila kitu. Kidonda kilichogeuka njano na ngozi iliyogeuka njano haviwezi tena kusomeka. Usaha, wekundu unaotambaa, nyama iliyoanza kuwa nyeusi, vyote hufichika chini ya rangi.

Majani ya mwarobaini na unga wa mlonge nayaweka pamoja, kwa maana tatizo lake ni lilelile. Chembe za jani zinabaki ndani ya kidonda na kuwa kitu kigeni, na mwili unaohangaika kuziondoa haupati nafasi ya kujenga.

Utomvu wa papai bichi una kimeng'enya cha papaini, kinachoyeyusha nyama iliyokufa. Kwa miaka mingi ziliuzwa marhamu zenye papaini, lakini mwaka 2008 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliagiza zile ambazo hazikuidhinishwa ziondolewe sokoni, baada ya kupokea taarifa za mzio mkali, kushuka kwa shinikizo la damu na mapigo ya moyo kwenda mbio. Hizo zilikuwa marhamu za kiwandani zenye kipimo; utomvu unaochirizika kutoka kwenye tunda hauna kipimo chochote. Sikushauri.

Kitunguu saumu kibichi kilichofungwa juu ya ngozi huunguza. Huunguza hata ngozi nzima ya mtu anayehisi maumivu. Kwenye mguu wenye ganzi, mgonjwa hatajua mpaka bendeji ifunguliwe. Hiki ndicho ningekuwa mkali nacho kuliko vyote katika orodha yako, pamoja na chochote chenye udongo, majivu au kinyesi cha mnyama, ambacho huleta spora za pepopunda. Ulizia pia kama mama amewahi kukamilisha chanjo ya pepopunda.

Aliyepona Kisigino amejibu:

Mimi si mtaalamu. Ni mgonjwa wa kisukari niliyetibiwa kidonda cha kisigino mpaka kikafunga. Naomba nizungumzie upande ambao wataalamu wetu wameupita haraka, yaani mama mwenyewe.

Mtu mzima haachi dawa aliyorithi kwa wazazi wake kwa kuwa amesomewa takwimu. Akikemewa kliniki, atanyamaza, atarudi nyumbani na kuipaka usiku, na siku ya kwenda kuonwa ataiosha isionekane. Hapo ndipo hatari inapoanza, kwa maana daktari wake atakuwa anatibu kidonda asichokijua. Muuguzi aliyenihudumia aliniuliza kila mara, kwa sauti ileile aliyoulizia sukari ya asubuhi, "Na nyumbani mmeweka nini?" Nilimjibu kweli kwa sababu swali halikuwa na mashtaka ndani yake. Nakushauri umwombe anayemhudumia mama aulize hivyo hivyo.

Lingine: mpe mama kazi katika matibabu yake. Wanaotuuguza hutunyang'anya mguu wetu, wakaufunga na kuufungua kana kwamba si wa mwili wetu. Mimi nilishikishwa rula na daftari, na nilipoona kwa macho yangu mwenyewe kwamba wiki niliyovaa kile kiatu kizito mfululizo ndiyo wiki namba ilishuka, hakuna aliyehitaji kunihubiria tena. Mwambie mama kwamba atakuwa mwamuzi kwa namba hizo. Na kabla ya kuvaa kiatu, aingize mkono ndani na kupapasa. Mguu hausikii, mkono bado unasikia. Kama vidole vya mikono navyo vimeanza ganzi, basi papasa wewe kwa niaba yake.

Mtunzaji ameandika tena:

Nawashukuru kwa dhati. Nimemsomea mama majibu yenu, sehemu kwa sehemu, na lililomgusa ni lile la hatua za usiku, kwa kuwa alikiri kwamba huvua kiatu anapoingia kulala na hukivaa asubuhi. Kitunguu saumu na papai amekubali tuviache. Kuhusu asali bado moyo wake upo. Dada muuguzi, je, ikithibitika kwamba damu inafika na mfupa ni salama, na kliniki ikampatia kifaa cha kuondoa uzito, naweza kumruhusu? Na ni dalili zipi zinipeleke hospitali bila kusubiri miadi?

Muuguzi wa Vidonda amejibu:

Mwambie mama kwamba nimefurahi, na kwamba kusema kweli kuhusu kiatu cha usiku kumetusaidia kuliko kipimo chochote tulichokitaja.

Kwa masharti hayo uliyoyataja, na kliniki ikijua, mimi nisingegombana na asali ya kitabibu iliyotakaswa, si ya chupa ya nyumbani, ikipakwa nyembamba kwenye shashi badala ya kumiminwa kidondoni. Miongozo haiipendekezi kama tiba, na sitajifanya kwamba inaipendekeza. Ninachosema ni kwamba katika kidonda kisicho na uambukizo, chenye damu ya kutosha, ambacho uzito umeondolewa, madhara yake ni madogo, na kama inamfanya mama akubali kifaa cha mguu na kuja kuchongwa sugu, basi nitaipokea. Asali huvuta majimaji, kwa hiyo ngozi ya pembeni ikianza kuwa nyeupe na kulowa kama iliyokaa majini, punguzeni au mwache. Kifaa chake kikiwa kile kisichovulika, shashi itabadilishwa kliniki tu, na asali nayo itasubiri huko. Kisikatwe nyumbani kwa ajili yake. Jipeni wiki 4 na namba za kwenye daftari. Eneo lisipopungua kwa nusu hivi, asali haikusaidia, na msiongeze kitu kingine juu yake kabla ya kurudi kuchunguzwa.

Usisubiri miadi ukiona uvimbe mpya, joto, usaha, harufu mbaya au wekundu unaotambaa kutoka kwenye ukingo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huonekana kwa shida, kwa hiyo angalia ngozi iliyobadilika kuwa nyeusi zaidi ya jirani yake au inayong'aa kwa kuvimba, na linganisha joto la miguu miwili kwa mgongo wa mkono wako. Wekundu uliofika sentimita 2 kutoka ukingoni ni jambo la siku hiyohiyo. Kidole kilichogeuka buluu au cheusi, mguu uliopoa ghafla, maumivu mapya katika mguu ambao ulikuwa na ganzi, homa au kutetemeka, na sukari inayopanda bila sababu huku chakula na dawa ni vilevile, vyote hivyo ni vya siku hiyohiyo pia. Homa isipokuwepo usifarijike, kwani wagonjwa wengi wa kisukari wenye uambukizo mkubwa wa mguu hawapati homa kabisa.

Mguu wa pili nao utazamwe kila jioni, katikati ya vidole na chini ya kisigino, maana sasa ndio unaobeba uzito ambao mwenzake ameupumzisha.